Vua Kofia, Nikuone

Mliponiaga pale ofisini nilipostaafu mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu usahihi. Mlitaka kujua ilikuwaje mtu akapima ardhi miaka thelathini na mitano bila bikoni yake hata moja, ile alama ya mpaka, kung'olewa kwa amri ya mahakama. Kwanza, si kweli: ziling'olewa mbili. Pili, siku hizi mashine ndizo zinazoujua usahihi kwa niaba yenu. Kwa hiyo nitaandika kuhusu kofia, na kuhusu mafuta ya kukinga jua, na kuhusu mtu aliyeitwa Saruni. Mkiona mzee anazungukazunguka, vumilieni. Najua ninakoelekea, ila ningependa nichelewe kufika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kitengela na viatu vipya vya ngozi. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi ukanivua kimoja kabla hata sijamsalimia mkubwa wangu. Mkubwa mwenyewe alikuwa Bwana Okumu, mpimaji mfupi wa maneno machache, aliyevaa kofia pana ya majani na shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Jua liwake lisiwake, sikuwahi kumwona amekunja mikono ya shati. Sisi vijana tulimcheka pembeni, tukasema ni maringo ya watu wa zamani. Wakati huo Noonkopir, ninakoishi sasa katikati ya maghorofa, ilikuwa maduka machache na punda wengi, na ungeweza kuelekeza darubini upande wowote usione ukuta.

Bwana Okumu alinifundisha kazi kwa kunikataza. Usiegemee miguu ya mashine. Usipumue juu ya kioo. Usiamini tepu ya chuma iliyolala juani, maana chuma hurefuka kikipata joto. Na zaidi ya yote, usiache thiodolaiti ipigwe na jua. Thiodolaiti ni ile darubini ya kupimia pembe, inayosimama juu ya miguu mitatu. Wengi wenu mmeiona kwenye kabati tu. Ina kiputo kidogo cha kuonyesha kama imekaa sawa, na jua likiichoma upande mmoja kiputo kinahama, na pembe zako zote zinakuwa uongo. Basi kazi yangu ya kwanza serikalini, mimi na cheti changu, ilikuwa kushika mwavuli. Nilisimama miezi mitatu nikiikinga mashine jua huku shingo yangu ikiungua, na nilijiona nimepewa heshima kubwa.

Mambo ya kupandishwa cheo nayaruka. Yako kwenye faili, na faili ziko na panya. Itoshe kusema kwamba Bwana Okumu alipostaafu nilipewa kikosi changu, dereva mmoja anayeitwa Mutua na vibarua wanne, tukatumwa upande wa Mashuuru kugawa ranchi ya pamoja kwa wenyewe. Kila familia ilitaka kujua yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na kila mzee alikuwa na mti wake aliokuwa tayari kuufia.

Saruni alikuja kambini asubuhi ya tatu, shuka amejifunika kichwani mpaka machoni kama mtu anayeumwa na meno. Alikuwa na miaka kama ishirini.

“Sopa,” akasema.

“Ipa,” nikamjibu. Maa yangu, yaani Kimaasai, ilikuwa inaishia hapo.

“Savea, mko na kazi?” Kule kwetu mpimaji huitwa savea, na jina hilo halijawahi kuniacha.

“Unaweza kufanya nini?”

“Kusimama. Nimesimama kwa nyumba ya mama miaka yote. Naweza simama hata hapa kwenu.”

Aliposhusha shuka ndipo nikaona. Nywele zake zilikuwa za rangi ya ndevu za mahindi, ngozi yake nyeupe yenye madoa, macho yakikwepa mwanga. Alikuwa na ualbino. Wakati huo tulikuwa tukitumia neno lingine, na sitaliandika, maana nimechelewa kulitupa na sitaki mlirithi. Ngozi yake haikuwa na ile rangi inayotukinga sisi wengine, na macho yake hayakuona mbali. Kaka zake walichunga. Yeye mama yake alimficha ndani asichomeke, na baba yake alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kumpa mifugo mtu ambaye hawezi kumwona ng'ombe akiwa ng'ambo ya bonde.

“Rangi iliisha Mungu akifika kwangu,” aliniambia siku hiyohiyo, “akasema, wacha huyu aende hivyohivyo.”

Nilicheka, nikamwandika. Chifu alinisifu kwa jambo hilo, na mchungaji alinitaja kanisani. Naomba msinisifu. Ningeweza kumpa kazi ya kivulini, kushika mwavuli kwa mfano, au kunisomea tarakimu kutoka kwenye kitabu, kwa sababu karibu na macho alisoma vizuri kuliko Mutua. Nilimpa fimbo. Zile fimbo ndefu zilizopakwa nyekundu na nyeupe, ambazo mtu huzishika wima pale mbali ili mwenye darubini azilenge.

Shida ilikuwa mawasiliano. Mshika fimbo huelekezwa kwa mikono, nenda kushoto, nenda kulia, na Saruni hakuweza kuona mikono yangu hata nikiwa hatua hamsini. Tukatunga lugha ya firimbi. Mlio mmoja, kushoto. Miwili, kulia. Mlio mrefu, hapo hapo, simamisha. Alijifunza siku moja, na tangu hapo sikuwahi kupata mshika fimbo mwingine aliyesimama wima hivyo. Upepo wa Kajiado mnaujua, unaweza kumpokonya mbuzi nyasi mdomoni, lakini fimbo ya Saruni haikuyumba.

Shida ya pili ilikuwa yangu. Fimbo ni nyembamba, kichaka ni kikubwa, na ikifika saa tano joto linafanya kila kitu kicheze. Kuitafuta fimbo ndani ya kioo kulinichukua dakika nyingi, na mimi si mtu wa subira. Mke wangu atawathibitishia. Saruni alikuwa amenunua kofia ya kaki sokoni, na kaki ni rangi ileile ya nyasi zikikauka. Siku moja nilimtafuta mpaka nikatukana. Kisha upepo ukainua ile kofia kidogo, na nywele zake zikang'aa kwenye kioo. Nikampata papo hapo.

“Vua kofia, nikuone!” nikapaza sauti, na vibarua wakaipokezana mpaka ikamfikia.

Akavua. Kuanzia siku hiyo kazi ilikwenda mbio. Mistari tuliyokuwa tukiipima kwa siku mbili tulianza kuimaliza kwa siku moja. Ofisini waliniuliza siri yangu ni nini, nikawaambia ni mpangilio. Punde si punde tukaongeza mlio kwenye firimbi: mitatu ya harakaharaka, vua kofia. Hatukuwahi kutunga mlio wa kuivaa. Alikaa kichwa wazi mpaka mstari uishe, mara nusu saa, mara saa nzima, ameibana kofia kwapani. Na mimi huku nimesimama chini ya mwavuli pamoja na mashine.

Mwaka huo ukafika Julai. Mnajua baridi ya Kitengela ya Julai, mawingu yameshuka, watu wamejifunga masweta. Tulikuwa tunapima huku chini karibu na mto, na kwa wiki mbili hatukuliona jua hata mara moja. Nikawaambia vijana kwamba Saruni naye amepata likizo. Mwisho wa wiki ya pili masikio yake yalikuwa yamevimba malengelenge, na midomo imepasuka asiweze kunywa chai ya moto. Hakuna aliyeelewa. Mutua alisema ni baridi. Mimi nilisema ni chakula.

Nilikuwa na ramani za kupeleka Kajiado, kwa hiyo nilimchukua tukapitia hospitalini. Hapo ndipo tulipokutana na Sista Mueni, muuguzi wa kliniki ya ngozi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimwangalia Saruni masikio yote mawili, nyuma na mbele. Kisha akanigeukia.

“Wewe ni nani yake?”

“Mimi ni mkubwa wake wa kazi.”

“Wewe ndio nilikuwa natafuta. Unafikiri jua limeenda likizo juu hulioni? Wingu halizuii ile miale inachoma. Inapita tu. Huyu hata Julai anachomeka, hata saa tatu asubuhi anachomeka.”

Akachukua chupa ya losheni, akaminya mstari mrefu juu ya vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia mwanzo mpaka ncha. Hiyo, akasema, ni ya uso na shingo peke yake. Si kupaka kidogo kama mtu anang'arisha kiatu. Masikio mbele na nyuma, midomo, shingo ya nyuma, mgongo wa mikono. Robo saa kabla ya kutoka nje. Kisha kurudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi kama ametoka jasho.

“Kila siku,” akasema. “Sio siku ya jua. Sio siku ya soko. Kila siku, vile unapiga mswaki. Hii ngozi inaweka kumbukumbu. Ile ya leo ikichomeka kidogo, na ya kesho kidogo, inaenda ikijumlishwa, na iko siku itakuonyesha jumla. Hii ngozi ikitoka kidonda hakiponi wiki tatu, nne, usingoje. Unaniletea siku hiyohiyo.”

“Na sisi weusi, Sista?” nikauliza, zaidi ili asiendelee kunitazama.

“Nyinyi mmepewa kinga nyingi kuliko yeye, lakini sio kinga yote. Angalia hayo madoa kwa mashavu yako. Na wewe jipake. Lakini wewe ukisahau utazeeka uso. Huyu akisahau atakufa.”

Alisema hivyo hivyo, mbele yake. Saruni hakushtuka. Alikuwa anasoma maandishi ya chupa, ameileta karibu na pua.

Kisha Sista akasema lile ambalo nimelisikia mara nyingi tangu wakati ule. Akasema losheni ni ya mwisho. Ya kwanza ni kivuli, ya pili ni nguo na kofia pana, losheni inalinda zile sehemu zimebaki. Akaniuliza: “Anavaa kofia?”

Nikasema, “Anavaa.”

Saruni aliinua macho kutoka kwenye chupa, akaniangalia kidogo, akayarudisha. Sista Mueni aliandika kwenye kadi yake. Nina hakika aliandika kwamba anavaa kofia.

Sikuwa mtu mbaya, nawaambieni, na hilo ndilo linanikera. Mtu mbaya angekuwa na sababu. Mimi nilikuwa na haraka tu. Niliporudi kazini nilijiambia kwamba sasa losheni ipo, mambo yameisha, na firimbi ikaendelea na milio yake mitatu. Losheni yenyewe tuliitunza vibaya. Mutua aliiweka mbele ya gari, juu ya dashibodi, chini ya kioo, ambapo ungeweza kukaangia yai. Baada ya wiki chache ikawa maji na uji, Saruni akawa anaitikisa na kujipaka hivyohivyo. Hatukujua kwamba joto huiharibu. Thiodolaiti ilikuwa na sanduku lake lenye kitambaa ndani, tena ilikaa kitini, sisi tukakaa nyuma.

Na ile ya kurudia kila saa mbili? Mchezo huo haukuwepo. Chai ya saa nne ilikuwa haki ya kila mtu, hata kama wazee wawili walikuwa wanakaribia kupigana juu ya mpaka. Chai ilikuwa lazima. Lakini Saruni alipoomba dakika tano ajipake, nilisema, “Maliza huo mstari kwanza.” Vijana walimtania kwamba anajipodoa. Mimi sikumtania, nilitazama saa.

Miaka ikaenda. Mzaliwa wangu wa kwanza alipozaliwa, Saruni alinitembelea na kondoo, jike lenye mafuta, amelileta mwenyewe kutoka Mashuuru. Kwa Wamaasai ukipewa mnyama na rafiki, mnaacha kuitana majina, mnaitana kwa kile kilichopita kati yenu. Kwa hiyo tukawa Paker, yeye kwangu na mimi kwake, wenzi wa kondoo. Naye akaoa. Alimwoa Nasieku, binti wa mwenye duka, na kwenye harusi baba yake mwenyewe alisimama akasema huyu mtoto niliyesema hataona ng'ombe ndiye ameonyesha watu wote mipaka yao. Nilipiga makofi kuliko mtu yeyote. Kofia nzuri pana alivaa siku hiyo.

Kisha zikaja mashine za betri, na baada yake hizi zenu zinazozungumza na setilaiti. Siku ya kwanza tulipojaribu ile ya setilaiti, Saruni alisimama na fimbo yake mahali ambapo sikumwona kabisa, nyuma ya kilima, na tarakimu zikaja kamili. Alirudi akicheka. Akasema, “Paker, hii haitaki kuniona!” Alikuwa amevaa kofia yake. Mimi pia nilicheka. Kumbe kile kidonda alichotuonya Sista kilikuwa tayari kimeanza.

Kilikuwa kidogo, juu ya sikio la kushoto, kama ukoko wa mkwaruzo wa mwiba. Kilikuwa kinakauka, kinabanduka, kinatoa damu kidogo, kinakauka tena. Aliniambia anataka siku moja aende Kajiado kwa Sista. Tulikuwa katikati ya kazi ya kukata ploti, zile za futi hamsini kwa mia, na wanunuzi walikuwa wanangoja. Nikamwambia tufunge mzunguko kwanza.

Nyinyi mnajua kufunga mzunguko ni nini, ila watoto wenu wakisoma hawatajua. Unaanza kwenye bikoni moja, unapima kuzunguka shamba lote, unarudi pale ulipoanzia. Hutafika palepale kamwe. Kuna kijikosa. Bwana Okumu alinifundisha kukigawa, huku kidogo, kule kidogo, mpaka kila kona imebeba sehemu yake na ramani inafunga. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na nimekuja kuamini kwamba kila kosa duniani linaweza kugawanywa mpaka lisionekane.

Aliniomba mara ya pili baada ya wiki tatu. Mara ya tatu hakuomba, aliaga tu akaenda. Ilikuwa imepita miezi mitatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliyepima kuta nyingi nilipaswa kuuona ufa.

Sista Mueni alimtuma Nairobi siku hiyohiyo. Walimkata sikio karibu lote na sehemu ya ngozi ya shavu. Nilikuwa naye aliporudi kwa Sista kubadilishiwa bendeji. Sista alikuwa amezeeka, miwani ingali na kamba. Alifungua bendeji, akaangalia, akasema kwa sauti ya mtu anayefikiri: “Hapa juu ya sikio kofia pana ingefunika. Kwa kadi imeandikwa anavaa. Ilikuwaje?”

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao.

“Ni upepo, Sista,” Saruni akajibu. “Upepo ya kwetu ni mingi. Kofia haikai.”

Nilimpeleka nyumbani, nikamwachia sukari na majani ya chai, na njia yote kurudi Kitengela nilijiambia kwamba wakati mwingine nitasema.

Sasa niwape yale yanayoweza kuwafaa. Tangu mwaka ule hakuna kikosi changu kilichotoka ofisini bila losheni ya jua kwenye orodha ya vifaa, pamoja na simenti na panga. Kila mtu alijipaka, mweusi na mwekundu, mbele yangu, kabla gari halijawashwa. Masikio ndiyo watu husahau, na shingo ya nyuma, na midomo. Ikifika saa nne, kabla ya chai, tulijipaka tena, na asiyejipaka hakunywa. Chupa ilikaa ndani ya sanduku la mashine, kivulini, na tarehe yake ya kuisha tuliisoma. Saa sita mpaka saa tisa tulifanya hesabu chini ya turubai. Kuna waliosema nimegeuka mwalimu wa shule ya chekechea. Mke wangu alisema najipaka kama bibi harusi. Semeni mpendavyo. Na kama mna mtu mwenye ualbino kazini, msingoje yeye aombe, kwa sababu amezoea kutoomba. Mpeni mwavuli kwanza, kisha mashine. Mashine ikipotoka pembe, unapima upya kesho.

Nimeandika hayo kwa mkono thabiti, kama mtu mwenye busara. Busara ya baadaye ni rahisi, hata mbuzi huijua njia baada ya kuanguka shimoni.

Saruni hakurudi kazini. Ugonjwa ulitulia mwaka mmoja na zaidi, halafu ukatokea shingoni, chini ya taya. Nilikuwa namtembelea kila baada ya wiki chache. Nilimpelekea losheni chupa sita kwa mara moja, kana kwamba ningeweza kulipaka shamba lote. Tulizungumza habari za bikoni, nani amehamisha ya nani. Kila mara nilikusudia kusema, na kila mara niliona amechoka, au kuna wageni, au chai imeletwa. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu aliishi nami nyumba moja miaka miwili kabla sijamfungulia Saruni mdomo.

Mara ya mwisho kumwona akiwa hai ilikuwa adhuhuri, nyumbani kwake Mashuuru. Alikuwa amelazwa sebuleni, mapazia yamefungwa kwa ajili ya macho yake. Shingo ilikuwa imefungwa, na sauti yake imekuwa nyembamba. Nasieku alikuwa jikoni na binti zao wawili. Mara hii hakukuwa na mgeni.

“Paker,” nikasema. “Ile kofia.”

“Kofia gani?”

“Ile nilikuwa nakuambia utoe. Na ile firimbi.”

Alitazama mapazia yaliyofungwa.

“Ningekataa,” akasema, “ungenifuta kazi?”

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyapanga miaka miwili. Kwamba hatukujua, kwamba kila mtu alifanya hivyo, kwamba nilimpenda kama ndugu. La mwisho ni kweli, na ndilo lililonitia aibu kuliko yote. Niliangalia ile bendeji.

“Ndio,” nikasema. “Wakati huo ningekufuta. Kesho yake ningechukua mtu mwingine.”

“Na ulijua inanichoma?”

“Nilijua. Tangu ile siku ya kwanza kwa Sista nilijua.”

Alivuta pumzi, akaitoa polepole. Nilitegemea kilio au laana. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni mgongoni.

“Watu wote wananiambia ni jua,” akasema. “Daktari anasema ni jua. Pasta anasema ni jua. Mama alikufa akisema ni yeye, ati alinizaa hivi na akaniachilia nikatoka nje. Hata Nasieku anafikiria ni mimi nilikuwa mvivu wa kujipaka. Na mimi nikasema ni upepo. Nimesema upepo mpaka nikaanza kuamini.”

Akageuza kichwa kwa shida kuelekea jikoni.

“Nasieku! Kuja. Wacha hiyo chai. Kuja na wasichana.”

Wakaja, Nasieku akipangusa mikono kwenye leso, mabinti nyuma yake, wakaketi kwenye kochi mbele yangu.

“Paker,” Saruni akasema, “sema tena. Hawa wasikie.”

Nikasimama, nikawaambia.